Huruma Haina Kasma: Nani Anaamua Elimu ya Mtoto Mwenye Ulemavu Tabora?

Ukimuuliza mtu wa Tabora mjini iliko shule ya watoto viziwi, atakuelekeza bila kujikuna kichwa. Shule ile ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Wasioona nao wana Shule ya Msingi Furaha, humo humo Manispaa. Majirani zetu wa Kigoma wana Kabanga, kule Kasulu, ambako watoto wenye ualbino walikimbiziwa wakati ule wa mauaji ambao hakuna anayependa kuukumbuka. Kwa hiyo kusema ukanda huu haujui elimu maalumu ni kuukosea heshima. Tunaijua kwa zaidi ya miaka 60.

Kinachotushinda ni kingine. Mtoto kiziwi aliyezaliwa kwenye mashamba ya tumbaku huko Kaliua, zaidi ya kilometa 100 kutoka shule hiyo, anafikaje darasani? Na asipofika, nani anaulizwa? Swali la kwanza lina majibu mengi. La pili ndilo limejaa mafundo, na hapo ndipo utetezi mwingi wa haki za watoto hawa unapotea njia.

Tuanze na jambo ambalo si tatizo. Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mtoto, inayokataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ambayo kifungu chake cha 27 ni cha elimu. Kabla yake kulikuwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2004 kuhusu watu wenye ulemavu, na baadaye ikaja mikakati ya elimu jumuishi, yaani ya watoto wote kusoma pamoja, mmoja ukiisha unaandikwa mwingine. Juu ya yote hayo sasa kuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inayotaka kila mtoto asome miaka 10 ya lazima: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwenye makongamano bado utamsikia mtu akisimama na kusema "tunaomba serikali itunge sheria". Ipi tena?

Hiyo miaka 10 ya lazima ina makali ambayo watetezi hawajayatumia ipasavyo. Mzazi anayemficha ndani mtoto mwenye ulemavu wa akili tunamsema, na pengine mtendaji atamwita ofisini. Lakini lazima ni kamba yenye ncha mbili. Ukimlazimisha mzazi alete mtoto, umejilazimisha na wewe kuwa na pa kumpokelea. Mama akifika shuleni na mwanawe, akaambiwa "mama, huyu hapa hatumuwezi, mpeleke mjini", aliyevunja utaratibu siku hiyo si yeye.

Sasa tuingie kwenye mafundo yenyewe. Mtoto ni mmoja, lakini anayehusika naye serikalini si mmoja. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala, mafunzo ya walimu na uthibiti ubora, na vitabu vinapitia Taasisi ya Elimu Tanzania, vikiwemo vya nukta nundu, maandishi ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, na vya maandishi makubwa. Lakini shule yenyewe, jengo lake, choo chake na fedha zake za uendeshaji viko TAMISEMI, maana yake viko kwa mkurugenzi wa halmashauri. Sheria ya mwaka 2010 na masuala ya watu wenye ulemavu kwa ujumla yapo Ofisi ya Waziri Mkuu. Kupima masikio na macho ni kazi ya Afya. Mzazi mwenye mtoto wa uoni hafifu, anayetaka kitabu cha maandishi makubwa, miwani na dawati la mbele, anaomba vitu vitatu kwenye milango mitatu. Kila mlango utamjibu kwa adabu kwamba hilo si la kwao, na kila mmoja utakuwa unasema kweli.

Kwa hiyo "serikali isaidie" ni sentensi isiyo na mtu wa kuipokea. Dai la kitabu lipelekwe kwa afisa elimu wa halmashauri, alipeleke juu kama upungufu wa vitabu. Dai la njia ya kiti mwendo na choo chenye mlango mpana linahusu mpango wa maendeleo wa halmashauri. Na dai la mwalimu lina ofisi yake, nitalifikia.

Kwanza kuhesabiwa, kwa kuwa fedha za shule hufuata idadi. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 3,391,679, na Kigoma 2,470,967. Halafu ingia shule yoyote ya kijijini, umwombe mwalimu mkuu idadi ya wanafunzi wake wenye ulemavu. Mara nyingi utatajiwa wale wanaoonekana kwa macho: mwenye gongo, mwenye ualbino, labda mmoja anayeitwa "bubu". Walimu hawadanganyi. Wanajibu walichoulizwa.

Ukimuuliza mzazi "mtoto wako ni mlemavu?", atakataa, na ana haki ya kukataa, maana neno hilo mtaani lina aibu nyingi. Sensa haikuuliza hivyo. Iliuliza kuhusu shida: je, anapata shida kuona, hata akivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kuzingatia jambo? Kujihudumia? Kuwasiliana? Na majibu yana ngazi: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Hapo ndipo anapojitokeza mtoto wa darasa la tatu ambaye kila siku anachapwa kwa utoro wa mawazo, kumbe hasikii vizuri sikio moja. Usonji nao hujificha humo humo, ukiitwa utundu, au mapepo.

Mtetezi mwenye akili ya mbali ataanza hapa. Kamati ya shule ikishirikiana na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii inaweza kupita nyumba kwa nyumba na maswali hayo sita, daftari mkononi, kabla ya uandikishaji wa Januari. Hakuna mfadhili anayehitajika. Sheria ya mwaka 2010 imeweka hata kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa. Waulize viongozi wa kijiji chako kama kamati hiyo ipo na lini ilikaa mara ya mwisho, kisha uangalie nyuso zao.

Daftari hilo lina kazi kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni 25,000. Tuseme shule ina kitengo cha watoto wasioona 20. Kwa hesabu hiyo kitengo kinaleta shilingi 120,000 kwa mwaka, sawa na 10,000 kwa mwezi. Humo ndani kuna karatasi nzito za nukta nundu, ambazo si karatasi za dukani, na kuna fundi wa Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, inapogoma, ambaye huenda hata mkoani hayupo.

Ni kweli kuna fedha nyingine. Watoto wa bweni wana fungu la chakula, na vifaa saidizi hununuliwa na Serikali kuu na kugawiwa. Lakini ruzuku ya uendeshaji yenyewe haijui tofauti ya mtoto anayehitaji kalamu ya shilingi mia tatu na mwenzake anayehitaji mashine. Inawatendea sawa, na usawa huo ndio unaomnyima mmoja wao. Kama kuna dai moja la kisera ambalo watu wa Tabora na Kigoma wangelibeba pamoja hadi Dodoma, kwa maoni yangu ni hili: ruzuku ihesabiwe kwa uzito, mtoto mwenye mahitaji makubwa ahesabiwe kama wawili au watatu. Halihitaji Bunge kutunga sheria mpya. Linahitaji TAMISEMI na Hazina kubadili kanuni ya kugawa fedha.

Sasa mwalimu. Walimu wa elimu maalumu wanasomeshwa, wengi wao Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na wengine vyuo vikuu. Mkeka wa ajira ukitoka, mwalimu anapangiwa halmashauri, na halmashauri inampangia shule. Shule ya kijijini ina walimu wanne kwa madarasa saba. Mwalimu mkuu akipokea kijana aliyesomea lugha ya alama na hesabu, atampa darasa gani? Atampa hesabu darasa la tano mpaka la saba. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Lakini kwenye ripoti ya mkoa yule mwalimu anasomeka kama wa elimu maalumu, na kwenye maisha ya mtoto kiziwi wa shule ile hayupo.

Uchawi wote uko kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kituo. Ikama ikiandika "walimu 12" bila kutenga wa kitengo, mwalimu maalumu ni wa yeyote mwenye uhitaji, na uhitaji hauishi. Ikiandika "walimu 12, na kati yao wawili wa kitengo", mwalimu mkuu ana kinga ya kumbakiza pale, na afisa elimu akimhamisha inabidi aeleze anamleta nani badala yake. Mstari mmoja tu kwenye karatasi. Utetezi mwingi unaomba walimu zaidi, na kweli wanahitajika, ila kwanza tuwatumie walewale waliopo kwa kazi waliyosomea.

Hapa inabidi nigusie ugomvi unaowagawa watetezi wenyewe, maana ukiingia kikaoni bila kuujua utachanganywa. Wapo wanaosema shule maalumu zifungwe, watoto wote wakae darasa moja, na wanaitaja elimu jumuishi kama neno la mwisho. Wapo wanaosema jumuishi ya darasa la watoto 120 ni utelekezaji uliopakwa rangi. Sheria yetu imekaa katikati: mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na popote alipo apate msaada wa mwalimu mwenye ujuzi.

Huo mwanya wa "mawasiliano maalumu" si wa bahati mbaya. Mtoto kiziwi hajifunzi lugha ya alama kwa mwalimu peke yake. Anaijifunza kwa kucheza, kugombana na kutaniana na viziwi wenzake. Ukimweka peke yake kati ya watoto 120 wanaosikia, umemjumuisha kimwili, umemtenga kwa lugha. Kwake, shule kama ile ya Tabora, au kitengo chenye viziwi wa kutosha, ndiyo njia ya kujumuishwa baadaye. Mtoto mwenye ualbino ni habari nyingine kabisa. Anahitaji dawati la mbele mbali na dirisha lenye jua, kofia pana, mikono mirefu kwenye sare, losheni, na maandishi makubwa. Vyote hivyo vinawezekana katika shule ya kijijini kwao. Kabanga ilikuwa kimbilio wakati wa hatari, na iliokoa maisha. Lakini kimbilio likigeuka makazi ya miaka na miaka, mtoto anakua akiwa mgeni kwa ndugu zake. Sera nzuri kwake ni ulinzi kijijini na vifaa shuleni. Kwa hiyo mtu akikuuliza "wewe ni wa jumuishi au wa maalumu?", muulize kwanza ni mtoto gani mnamzungumzia.

Kuhusu mitihani nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo utaratibu upo na unafanya kazi pale unapojulikana. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na watahiniwa wanaostahili huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini lazima shule iwe imeonyesha hitaji hilo wakati wa usajili. Mtoto wa uoni hafifu ambaye shule haikumwandika hivyo ataletewa karatasi ya maandishi ya kawaida, na siku ya mtihani hakuna wa kumlilia. Mzazi, muulize mwalimu wa taaluma mapema, uombe kuonyeshwa alivyosajiliwa.

Nimesema "mapema". Bajeti ya serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini inapikwa muda mrefu kabla. Mwongozo wa Hazina hutoka mwishoni mwa mwaka, vijiji na kata zinaorodhesha vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata inavipitisha, na kufikia Januari au Februari baraza la madiwani linajadili rasimu ya halmashauri. Baadaye ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI, kisha Bunge kuanzia Aprili. Wengi wetu tunaamka Aprili hiyo, tunapomwona mbunge kwenye televisheni. Wakati huo wali umeshaiva, kilichobaki ni kupakua. Mwezi wa kwenda kwa mheshimiwa diwani ni Novemba, wakati watu wako shambani na yeye mwenyewe hana wageni.

Na ukienda, peleka nini? Hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya marafiki zangu wa mashirika. Picha za mtoto anayetambaa kwenye vumbi zina kazi yake kwa wafadhili. Kwenye baraza la madiwani zinaleta masikitiko, mchango wa papo hapo, na soda. Bajeti ina kasma, yaani mafungu ya matumizi, na huruma haina kasma. Diwani anahitaji kitu cha kuingiza kwenye rasimu: kijiji fulani kina watoto kadhaa wa umri wa shule wenye shida kubwa ya kusikia, majina yako kwa mratibu elimu kata, shule fulani ina chumba kinachovuja ambacho kinaweza kuwa kitengo, gharama ya ukarabati ni hii kwa makadirio ya mhandisi wa halmashauri, na mwalimu mwenye ujuzi yupo shule ya pili, anafundisha uraia. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Ikisainiwa na kamati ya shule na viongozi wa chama cha watu wenye ulemavu wa wilaya, chini ya mwavuli wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, ina uzito kuliko maandamano.

Halmashauri zitasema hazina fedha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini za Urambo, Kaliua na Sikonge zinakusanya ushuru wa tumbaku, asilimia 3 ya thamani ya mazao, na huo ni mapato yao wenyewe. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Zile asilimia 2 ni za biashara za watu wazima, si za shule, na watu huzichanganya sana. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda: zilipoandikwa kwenye sheria kwa tarakimu, madiwani waliacha kuulizana kama zitengwe, wakaanza kuulizana nani apewe. Hakuna tarakimu kama hiyo kwa vitengo vya elimu maalumu. Wala hakuna kinachozuia baraza moja, hata la Sikonge, kujiwekea yake kwa azimio lake lenyewe.

Pale mtoto anapokataliwa waziwazi, usisubiri bajeti. Andika kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa elimu na ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya, ukitaja kifungu cha 27 cha Sheria ya mwaka 2010. Bila majibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya mwananchi. Hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, utaambiwa barua haijawahi kufika.

Kuna jambo moja la haraka zaidi. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Wale walioanza la tatu mwaka huo watakuwa la sita mwaka 2027, na walioanza la nne watakuwa la saba mwaka huo huo. Makundi mawili yatamaliza pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto mara mbili ya kawaida. Halmashauri zote zitahesabu madarasa na madawati. Katika msongamano huo, wa kwanza kusahauliwa ni mwanafunzi asiyeona anayehitaji sekondari yenye mwalimu wa nukta nundu, na kiziwi anayehitaji mwalimu wa lugha ya alama kidato cha kwanza, si la kwanza. Januari 2028 iko ndani ya mwaka wa fedha 2027/28. Bajeti ya mwaka huo vijiji na kata zitaanza kuijadili mwishoni mwa 2026, na majina ya watoto wanaohusika tayari yako kwenye madaftari ya mahudhurio ya Furaha, ya shule ya viziwi, na ya vitengo vya Nzega, Igunga na kwingineko. Mtu wa kuyakusanya kwenye karatasi moja ni afisa elimu maalumu wa kila halmashauri. Muulize lini ataanza.